"Ni Kweli": Utetezi wa Mshtakiwa katika Makosa Madogo ya Jinai, Karagwe na Kyerwa

Hati ya mashtaka ikiisha kusomwa mahakamani, mshtakiwa huulizwa kama yaliyosomwa ni kweli au si kweli. Akijibu "si kweli", shauri huanza: mashahidi huitwa na kuhojiwa, naye hupewa nafasi ya kujitetea. Akijibu "ni kweli", aghalabu shauri huisha papo hapo, na lililobaki ni adhabu. Mwendo huu ni mmoja kwa nchi nzima, lakini watu waliousimamia na lugha walizozitumia hawakuwa wamoja kila mahali. Makala haya yaeleza jinsi ulivyoingia katika nchi ya Karagwe, pamoja na ile sehemu yake ya kaskazini-magharibi ambayo tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Kyerwa. Yaeleza pia kwa nini huko utetezi wa makosa madogo, yaani ulevi, ugomvi, pombe ya magendo, wizi wa vitu vichache na makosa ya barabarani, ulitegemea ulimi wa mshtakiwa mwenyewe kwa karibu karne nzima.

Yafaa kwanza kuondoa dhana moja. Watu wengi hudhani kwamba Kiswahili kilifika Karagwe pamoja na karani wa Serikali. Sivyo. Wafanyabiashara wa Kiarabu na watu wao wa pwani walikuwa na kituo Kafuro, karibu na Bweranyange palipokuwa makao ya mfalme, kabla ya Mzungu yeyote kufika. Speke alipofika kwa Omukama Rumanyika mwezi Novemba 1861, alilakiwa kwa maamkizi ya Kiswahili kizuri kutoka kinywani mwa mfalme mwenyewe, naye aliliandika jambo hilo katika kitabu chake. Basi Kiswahili kilikuwa lugha ya wageni, ya biashara na ya adabu ya mfalme. Hakikuwa lugha ya hukumu. Mtu wa Karagwe aliyekuwa na shauri alilisema kwa Kinyambo, mbele ya watu waliomjua yeye, baba yake na mipaka ya migomba yake.

Katika lugha za jamii hiyo, Kinyambo, Kihaya na Kinyankole, neno *omushango* hubeba maana mbili ambazo Kiswahili cha mahakama huzitenganisha. Ni kosa, na ni shauri lenyewe. Mtu mwenye *omushango* aweza kuwa mtu aliyekosa, na aweza kuwa mtu mwenye jambo linalongoja kukatwa. Jambo hili si dogo kama lionekanavyo. Ambapo neno ni moja, mtu aweza kulikubali mbele ya wazee bila kuwa amekubali kila kilichomo ndani yake. Akubali kwamba liko jambo kati yake na mwenzake, nalo lazungumzwa. Kukiri kwa namna hiyo kulikuwa mwanzo wa mazungumzo, na katika nchi ya migomba mazungumzo kama hayo mara nyingi yaliishia penye kibuyu cha pombe ya ndizi ambacho wagombanao walikinywa pamoja. Mahakama iliyokuja baadaye ilichukua kukiri huko huko ikakuweka mwisho wa shauri.

Wajerumani hawakubadili mambo hayo kwa haraka. Bukoba ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu, pamoja na Rwanda na Burundi, walizozitawala kwa kuwaacha watawala wenyeji mahali pao chini ya mkazi wa Kijerumani, na baraza za wafalme zikaendelea kuhukumu raia wao. Walichokileta ni maandishi. Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala wao, na tangu hapo shauri lililosemwa kwa Kinyambo liliweza kusafiri hadi boma la Bukoba likiwa limevaa nguo nyingine.

Utawala wa Waingereza ndio uliojenga mahakama za wenyeji kwa sheria. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, iliwapa watawala wenyeji uwezo wa kutoa amri juu ya mambo mengi ya maisha ya kila siku, na miongoni mwake lilikuwemo jambo la kutengeneza, kuuza na kunywa pombe. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliweka mahakama hizo chini ya maofisa wa utawala, mbali na Mahakama Kuu. Yule aliyetoa amri ndiye aliyehukumu walioivunja, na aliyesikiliza rufaa alikuwa bwana shauri wa Bukoba, ambaye kazi yake ya asubuhi ilikuwa kuhakikisha kwamba amri hizo zinafuatwa. Wakati huo Karagwe ilikuwa moja ya nchi za kifalme za Wilaya ya Bukoba, mahali ambapo hata majina ya ngazi za utawala, kama gombolola, yalitoka Buganda. Orodha ya makosa nayo ilikua. Kanuni za kilimo cha kahawa zilizozusha ghasia Bukoba mwaka 1937 zilimfanya mtu aweze kushtakiwa kwa jinsi alivyolima shamba lake mwenyewe.

Mawakili hawakuruhusiwa katika mahakama hizo. Hoja iliyotolewa ni kwamba baraza la wenyeji ni mahali pa desturi na busara, na kwamba wakili angelileta hila za maneno. Hoja hiyo ina ukweli wake katika shauri la mpaka wa shamba, ambapo wazee wote wajua lilipo shina la mrumba. Katika shauri la jinai ina upungufu mkubwa, kwa kuwa upande mmoja ni mtu mmoja na upande wa pili ni Serikali iliyotunga amri, iliyomkamata na inayomhukumu. Wala desturi haikuwa na mengi ya kumsaidia. Kitabu cha Hans Cory na M. M. Hartnoll juu ya sheria za desturi za Wahaya, kilichotoka mwaka 1945 na kutumiwa sana kama mwongozo, kimejaa zaidi mambo ya urithi, ardhi na ndoa. Mtu aliyekutwa na mtungi wa pombe bila kibali hakuwa na pa kushika humo.

Sheria ya Mahakama za Mitaa ya mwaka 1951 iliendeleza zuio hilo la mawakili. Uhuru ukaja, na mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa, wa Karagwe pamoja na wengine wote. Mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyounganisha mahakama zote za nchi katika mti mmoja, na ndipo lilipozaliwa jina la Mahakama ya Mwanzo. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima: mtu wa Kaisho na mtu wa Dar es Salaam wakawa chini ya utaratibu mmoja, na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama iliyo karibu nao. Hata hivyo kifungu cha kuzuia mawakili kilivuka kutoka sheria ya mkoloni kikaingia katika sheria ya taifa huru. Sababu sasa ilikuwa nyingine. Mawakili walikuwa wachache mno, walikaa mijini, na kuwaruhusu kungempa tajiri silaha ambayo maskini hana. Sheria mpya ya mahakama hizo ya mwaka 1984 ilikirudia. Iliruhusu ndugu au mtu wa nyumbani kumsemea mhusika kwa idhini ya mahakama, lakini katika mashauri ya madai tu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 nayo ilimpa kila mshtakiwa haki ya kutetewa na wakili, ila aliye mbele ya Mahakama ya Mwanzo. Kwa hiyo mtu aliyegombania mbuzi aliweza kusemewa na kaka yake, na mtu aliyekabiliwa na kifungo cha miezi 12 alisimama peke yake.

Katika Mahakama ya Wilaya wakili aliruhusiwa, na huko ndiko yanakopelekwa makosa mazito zaidi ya barabarani. Lakini ruhusa ni jambo moja na njia ni jambo jingine. Mawakili waliokuwa karibu walikuwa Bukoba, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kayanga, na kabla ya lami ya Kyaka hadi Bugene, iliyokamilika katika miaka ya 2010, safari hiyo wakati wa masika haikuwa na saa ya kufika. Mtu wa Murongo, kule mpakani ng'ambo ya Kikagati ya Uganda, alikuwa na mwendo mrefu wa kufika Kayanga kwenyewe. Pengo hilo lilizibwa na watu wengine: mwalimu mstaafu, karani wa zamani wa chama cha ushirika, mwandishi wa barua mwenye taipu. Watu wa mjini waliwaita vishoka. Wapo waliostahili jina hilo. Wapo pia walioandika hati za rufaa zilizosomeka vizuri, na ambao bila wao mfungwa asingejua kwamba rufaa ina siku zake.

Sasa yafaa kurudi kwenye yale maneno mawili. Mahakama za juu zilitambua mapema hatari yake. Mwaka 1942 Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki, katika shauri la Yonasani Egalu na wenzake lililotoka Uganda, ilisema kwamba yafaa kila kiungo cha kosa kielezwe kwa mshtakiwa, naye atakiwe kukiri au kukana kila kimoja. Mwaka 1973, katika shauri la Adan, mahakama hiyo iliweka utaratibu wote kwa mpango: hati isomwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, kisha mshtakiwa aulizwe tena kama maelezo hayo ni sahihi, na akiongeza neno linaloharibu kukiri kwake, kukiri huko kufutwe na shauri lisikilizwe. Mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika shauri la Laurence Mpinga, ilitaja hali ambazo mtu aliyehukumiwa kwa kukiri kwake aweza kukata rufaa kupinga hukumu: kwamba kukiri kulikuwa na utata au hakukukamilika, kwamba alikosea au hakuelewa, kwamba hati haikuonyesha kosa lolote la kisheria, au kwamba mambo aliyoyakubali hayawezi kufanya kosa aliloshtakiwa.

Mwanafunzi wa lugha akizisoma hukumu hizi ataona kwamba mahakimu walikuwa wakifanya kazi yake. Walikuwa wakiuliza neno "ni" limefunga nini na nini. Mtu asemaye, "Ni kweli nilimpiga, alikuwa ameniinulia panga," amekana kosa, ingawa ameanza kwa kukubali. Asemaye, "Ni kweli nilichukua baiskeli, ilikuwa ya marehemu baba," amedai haki, na Kanuni ya Adhabu humlinda mtu aliyechukua mali kwa kuamini kwa moyo safi kwamba ni yake. Karani mwenye haraka huandika sehemu ya kwanza ya sentensi na kuiacha ya pili. Nayo hatari haiishii kwenye haraka. Katika mazungumzo ya Kiswahili "ni kweli" ni neno la adabu pia: humjibu mkubwa kwamba amesikiwa. Mtu aliyelelewa kutompinga mzee mbele ya watu hulitamka kwanza, kisha huleta maelezo yake. Katika baraza la kale maelezo hayo ndiyo yaliyosubiriwa.

Pombe ndiyo inayoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Katika ugomvi wa kijijini, mtu asemaye "nilikuwa nimelewa" huomba radhi, na walio karibu hulipokea neno hilo kama sababu ya kupunguza hasira. Kanuni ya Adhabu hailipokei hivyo. Kwa sheria, ulevi si utetezi, isipokuwa mtu amelewesha kwa hila au uzembe wa mwingine bila ridhaa yake, au ulevi umemfikisha kwenye wazimu hata asijue afanyalo. Tena mahakama yaweza kuuangalia inapopima kama mtu alikuwa na kusudi maalumu ambalo kosa lenyewe hulitaka. Nje ya mipaka hiyo, anayejitetea kwa ulevi hajajitetea, na katika makosa ya barabarani amemsaidia mshtaki wake.

Pombe ya kukeneka nayo ilileta tatizo la jina. Sheria ya mwaka 1966 iliyoweka utaratibu wa kuikeneka kwa leseni iliiita "moshi", na hati za mashtaka zikaandika hivyo. Kwa watu ni gongo, na katika nchi za Bukoba wengi huiita konyagi. Mama aliyezoea kusikia "moshi" kuwa ni kitu kitokacho jikoni angeweza kuulizwa kama ni kweli alikutwa na moshi nyumbani kwake, na jibu lake lingekuwa la kweli kwa maana zote mbili.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilifuta sheria ya kikoloni ya magari ikaleta kosa la ulevi katika sura mbili. Moja ni kuendesha mtu akiwa amelewa hata asiweze kukimiliki chombo. Nyingine ni kuendesha akiwa na kiasi cha ulevi kilichopita miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Kila neno hapa ni kiungo kinachotakiwa kuthibitishwa. Je, alikuwa akiendesha au akijaribu kuendesha, au alikuwa amelala kando ya pikipiki iliyozimwa? Je, palikuwa barabarani, au ndani ya shamba lake? Kipimo kilichukuliwaje, na ni nani alikisoma? Na zaidi ya yote, alikunywa lini? Mtu ajibuye "ni kweli nilikunywa" hajakiri hata kiungo kimoja cha hivyo, maana kunywa si kosa. Walakini katika masikio ya wengi amekwisha kukiri.

Swali la "lini" lina kisa chake katika lugha. Kinyambo, kama Kihaya na Kinyankole, hutofautisha ndani ya kitenzi chenyewe lililotendeka leo, lililotendeka jana na lililotendeka zamani zaidi. Msemaji hawezi kusema kwamba alikunywa bila kusema, kwa umbo la kitenzi, kama ni leo au siku nyingine. Kiswahili huzikusanya nyakati hizo zote katika -li-, na mwenye kutaka kuzitenga huongeza neno la pembeni, ambalo karani aweza kuliacha. Mshtakiwa aliyekwisha kutaja wakati kwa lugha yake huona amejibu kikamilifu, na katika maandishi amebaki na "nilikunywa" isiyo na siku. Kiambishi -ka- nacho ni mtego. Katika lugha hizo *akanywa* maana yake ni kwamba alikunywa zamani, kabla ya jana. Katika Kiswahili "akanywa" hufuata tendo lililotajwa kabla yake na kuambatana nalo. Shahidi anayechanganya lugha mbili, jambo ambalo kila mtu wa mpakani hulifanya, aweza kusema kwamba mwenzake alitoka na pikipiki, akanywa, huku akilini mwake kunywa kulikuwa kwa siku ya nyuma kabisa. Umbo ni lile lile kwa herufi zote. Msikilizaji wa Kiswahili hupata safari moja yenye ulevi ndani yake.

Kwa miongo mingi washauri waliokaa pamoja na hakimu wa Mahakama ya Mwanzo walikuwa wenyeji, na yamkini walisahihisha mengi ya namna hii kwa mnong'ono tu. Ni kazi isiyoachwa na kumbukumbu yoyote. Katika mahakama za juu mambo yalikuwa magumu zaidi, maana kumbukumbu na hukumu zilikuwa za Kiingereza: maneno ya Kinyambo yalipita kwenye Kiswahili cha mkalimani ndipo yakafika kwenye Kiingereza cha hakimu, na mahakama ya rufaa ilisoma hatua ya tatu tu. Profesa A. B. Weston wa kitivo cha sheria cha Dar es Salaam aliandika mwaka 1965, katika jarida la *Swahili*, juu ya ugumu wa kuisema sheria kwa Kiswahili. Mjadala uliofuata kwa miaka mingi ulikuwa wa istilahi. Istilahi zilihitajika, bila shaka. Lakini mshtakiwa wa Nkwenda hakuponzwa na upungufu wa istilahi. Aliponzwa na maneno ya kawaida kabisa.

Miaka ya karibuni imeleta mabadiliko kadha. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na baadhi ya watu ambao zamani wangeitwa vishoka waliweza kupata mafunzo na cheti. Mwaka 2021 sheria ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka huo huo zuio la mawakili lililodumu tangu enzi za Cameron lililegezwa: wakili akaruhusiwa katika Mahakama ya Mwanzo inayoendeshwa na hakimu mkazi.

Wakati huo huo kosa dogo lenyewe lilikuwa linahama mahakamani. Sheria ya Usalama Barabarani humruhusu askari kumpa dereva karatasi ya taarifa ya kosa, naye dereva ana hiari mbili: kukubali na kulipa faini, au kukana na kwenda mahakamani. Bodaboda walipoenea katika barabara za Kayanga, Kihanga, Nkwenda na Isingiro, karatasi hiyo ndiyo ikawa mahakama yao. Katika bajeti ya mwaka 2021 faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Ilikuwa nafuu iliyopokelewa vizuri, na ina hesabu yake: kwa shilingi 10,000 hakuna dereva atakayepoteza siku ya kazi ili akakane. Anatia sahihi chini ya maneno ya Kiswahili ambayo aghalabu hakuyasoma, injini ikiwa inanguruma na abiria amekaa nyuma, na hakuna amuulizaye kama ni kweli au si kweli.